Mkasi wa vinasaba: krispa inakata nini, na nani atakayerithi kilichokatwa

Jirani yangu wa Mbagala ana mjukuu wa miaka sita mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Majuzi, baada ya kuniitikia shikamoo, alinisimamisha nje ya duka na kunisikilizisha ujumbe wa sauti uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mwanamume mmoja alikuwa anaeleza kwamba Wazungu wamepata mkasi wa kukata ugonjwa kwenye damu. Kwa pumzi ileile akasema mkasi huohuo ndio unaotengeneza mbu kule Bagamoyo, na nyanya ambazo ukizila na wewe unabadilika.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," mama akaniambia. "Hiyo dawa ikija Muhimbili, mjukuu wangu atapona kabisa?"

Nilimjibu kwamba dawa ipo kweli, ila hilo neno "kabisa" haliwezi kujibiwa tumesimama dukani. Tulikaa barazani kwake hadi adhana ya magharibi. Niliyomweleza ndiyo haya, na mengine nimeyaongeza kwa sababu ujumbe ule bado unazunguka, nao ni mgumu kuupinga: kweli, nusu ya kweli na uongo vimefungwa kwenye furushi moja.

Tuanze na maneno yenyewe. Mwili umejengwa kwa seli, na ndani ya karibu kila seli mna maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili huo. Maelekezo yameandikwa kwenye uzi mrefu uitwao DNA, ambao kwa Kiswahili tumezoea kuuita vinasaba. Ndio huo unaopimwa baba anapomkana mtoto. Maandishi yake yana herufi nne tu, A, T, G na C, na kwa binadamu herufi hizo zinafika kama bilioni 3. Ukizichapa herufi 3,000 kila ukurasa, utajaza vitabu 1,000 vyenye kurasa 1,000 kila kimoja. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye agizo kamili, mara nyingi agizo la kutengeneza protini fulani. Tunazo kama 20,000.

Herufi moja ikikosewa, mara nyingi hakuna kinachoharibika. Mara nyingine ni kama kumwandikia mtu "mlete bata" ulipotaka kusema "mlete baba". Hicho ndicho kilichotokea kwenye selimundu: katika jeni inayoagiza sehemu ya himoglobini, A moja imekuwa T. Himoglobini inayotoka hapo hushikamana inapopungukiwa oksijeni, seli nyekundu ya damu inajikunja kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia mifupa usiku kucha. Herufi moja kati ya bilioni 3.

Kuhariri jeni ni kuingia kwenye maandishi hayo na kubadilisha kitu mahali ulipopakusudia. Krispa, ambayo wataalamu huiandika CRISPR, ni zana mojawapo ya kufanyia kazi hiyo. Imepata jina kubwa kuliko wenzake kwa sababu ni rahisi kutumia na bei yake ni nafuu kwa maabara.

Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba zana hii tumeikuta kwa bakteria. Virusi huwashambulia bakteria kama wanavyotushambulia sisi. Bakteria anayenusurika huchukua kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi kile na kukihifadhi ndani ya vinasaba vyake mwenyewe. Umewahi kuona duka lililobandikwa noti bandia ukutani? Mwenye duka ameshatapeliwa mara moja, na sasa kila noti inayomtia shaka anaishika karibu na ile ya ukutani. Bakteria anafanya vivyo hivyo: kirusi kikirudi, analinganisha, na kikifanana na kumbukumbu, anakikata.

Mwaka 1987 Yoshizumi Ishino na wenzake wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, waliona maandishi ya ajabu yanayojirudiarudia kwenye vinasaba vya bakteria, wasijue ni ya nini. Mhispania Francisco Mojica aliyaona tena kwa vijidudu wanaoishi kwenye mashamba ya chumvi, ya aina ya yale tunayoyaona Bagamoyo, akayafuatilia kwa miaka mingi hadi akapendekeza mwaka 2005 kwamba hiyo ni kinga. Waliothibitisha kwa majaribio, mwaka 2007, walikuwa watafiti wa kampuni inayouza bakteria wa kugandishia mtindi, waliotaka bakteria wao wasife kwa virusi. Kisha mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier wakaonyesha kwamba mkasi huo unaweza kuelekezwa ukate popote utakapo. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2020 ilikuwa yao. Napenda kuitaja safari hii kwa sababu Mojica alipoanza na maji ya chumvi hakuna aliyekuwa anatafuta dawa ya selimundu.

Sasa mkasi unajuaje pa kukata? Fikiria umeshonewa gauni, kitambaa kimepungua. Fundi anakukatia kipande kidogo unakwenda nacho Kariakoo, unapita duka hadi duka ukikilinganisha na majora mpaka upate kinachofanana. Krispa ina sehemu mbili za namna hiyo. Kipande cha mfano ni uzi mfupi wa RNA, ndugu wa karibu wa DNA, wenye herufi kama 20 zilizoandikwa na mtafiti. Mkasi ni protini iitwayo Cas9. Viwili hivyo vinatembea pamoja juu ya vinasaba. Cas9 hailinganishi kila mahali. Hutafuta kwanza alama fupi ya herufi tatu, kama mtu anayetazama pindo kabla hajaikunjua kanga nzima. Ikiiona alama, inafumua nyuzi mbili za DNA, inalinganisha, na zikioana inakata.

Herufi 20 zinatosha? Kwa herufi nne, mpangilio wa herufi 20 unaweza kuandikwa kwa namna zaidi ya trilioni moja, hivyo kwenye maandishi ya herufi bilioni 3 si rahisi mpangilio uleule ujirudie kwa bahati tu. Ila vinasaba havikuandikwa kwa bahati nasibu. Vina marudio mengi na sehemu zinazofanana sana, na Cas9 wakati mwingine huridhika na kinachokaribia kufanana. Hapo inakata pasipo pake. Hatari hiyo ni ya kweli, na tiba zote za binadamu hupimwa kwa kutafuta makosa hayo kabla mgonjwa hajaguswa.

Halafu, na hapa ndipo maelezo mengi mitandaoni yanapopotoka, krispa ikishakata kazi yake imekwisha. Anayeshona ni seli yenyewe. Uzi wa DNA uliokatika ni hatari kwa seli, kwa hiyo inakimbilia kuuunga, na ina njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka: inashika ncha mbili na kuzibana pamoja, mara nyingi ikipoteza au kuongeza herufi moja mbili. Seli husoma maandishi ya jeni herufi tatu tatu. Chukua sentensi hii: MTU ANA ULE UZI. Ondoa T peke yake, kisha soma tena tatu tatu: MUA NAU LEU ZI. Agizo lote limevurugika na jeni imezimwa. Ukitaka kuzima kitu, njia hiyo inatosha. Njia ya pili ni kuipa seli kipande kilichoandikwa sawasawa ikinakili wakati inashona, kama fundi anayepewa gauni la zamani alifuate. Hiyo ndiyo ya kurekebisha kosa lenyewe, na ni ngumu zaidi, kwa sababu seli nyingi huchagua njia ya haraka.

Siku hizi kuna zana mpya zaidi ambazo hazikati nyuzi zote mbili: zinafika kwenye herufi moja na kuigeuza kuwa nyingine. Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia, Marekani, walieleza jinsi walivyomtibu mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini kwa dawa ya aina hiyo, iliyotengenezwa kwa miezi sita kwa ajili yake peke yake.

Turudi kwa mjukuu wa Mbagala, maana Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni nchi chache duniani zinazotuzidi.

Dawa anayoisikia mama yule inaitwa Casgevy. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Watu wanadhani inarudisha ile A iliyogeuka T. Herufi ile haiguswi kabisa. Kila mzazi wa mtoto mwenye selimundu anajua kwamba miezi ya mwanzo mtoto anaonekana mzima, na taabu inaanza baadaye, mara nyingi kuanzia kama miezi sita. Sababu ni kwamba tumboni mtoto hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, isiyo na kosa lile. Baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima taratibu na kuipisha ya kikubwa. Krispa inakata swichi ya BCL11A kwenye seli zinazozaa damu. Swichi ikishavurugwa, himoglobini ya kichanga inawaka tena na kumbeba mgonjwa. Kwangu mimi hili ni jambo zuri mno: walitumia ile njia ya haraka na chafu ya kushona, ile inayovuruga, wakapata uponyaji.

Matokeo yake si ya kubeza. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha kabla ya dawa kuidhinishwa Marekani, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Lakini haifanani na sindano ya kwenda kuchomwa asubuhi ukarudi nyumbani jioni. Seli zinazozaa damu hutolewa mwilini na kupelekwa maabara maalumu, zinahaririwa na kukaguliwa kwa miezi. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali za aina wanazopewa wagonjwa wa saratani, ili kuusafisha uboho wake, ule ute wa ndani ya mifupa unaozaa damu, ndipo seli zake zirudishwe. Anakaa hospitali wiki kadhaa bila kinga, na dawa zile zinaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Ilipoidhinishwa ilikuwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5. Sioni hospitali ya umma hapa nchini itakayoinunua kwa bei hiyo, na naumia kuiandika sentensi hii, kwa sababu wagonjwa wengi wako Afrika.

Kilichopo leo ni kingine. Kuna dawa iitwayo haidroksiurea, ambayo nayo, kwa njia nyingine kabisa, huongeza himoglobini ya kichanga. Kuna kinga ya maambukizi na ya malaria, na kuhudhuria kliniki bila kukosa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uboho kutoka kwa ndugu zao. Anayeuza "dawa ya krispa" ya vidonge au ya mitishamba mtaani anakuibia.

Na tusiiite jeni ile uchafu. Mtafiti Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa utafiti wa Afrika Mashariki, kwamba aliyerithi nakala moja tu ya selimundu hukingwa na malaria kali. Ndiyo maana imedumu kwetu. Herufi hiyohiyo inamwokoa huyu na kumwumiza yule.

Hapo sasa nikafika kwenye swali ambalo ningependa kila mtu alibebe anaposikia habari yoyote ya krispa: kilichokatwa kinaishia kwa huyuhuyu, au kinarithiwa? Casgevy inagusa seli za damu tu. Mbegu za uzazi za mgonjwa zinabaki kama zilivyokuwa. Jambo tofauti kabisa ni kukihariri kijusi kikiwa seli chache tu, maana hapo badiliko linaingia mwili mzima, hata kwenye mbegu za uzazi, na kwenda kwa wana na wajukuu. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba amefanya hivyo kwa mapacha wa kike, akidai anawakinga na VVU kwa kuivuruga jeni ya CCR5, inayotengeneza mlango ambao VVU huutumia kuingia kwenye seli. Baba yao alikuwa na VVU, lakini kulikuwa na njia salama zilizozoeleka za kuwakinga watoto wake. Makato yenyewe hayakutoka sawa na badiliko la asili la jeni hiyo, linalowakinga baadhi ya watu, alilokuwa anataka kuliiga. Desemba 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mimi naona haikuwa adhabu kubwa. Watoto wale hawakuulizwa, na wajukuu wao hawawezi kuulizwa.

Wanaoogopa kwamba matajiri watajitengenezea watoto warefu wenye akili wanapaswa kujua kwamba selimundu ni kosa la herufi moja, ilhali kimo cha mtu kinahusishwa na sehemu zaidi ya 12,000 za vinasaba. Hakuna mkasi wa kukata sehemu 12,000, na akili ni ngumu kuliko kimo.

Mbu je? Hapa mambo yanageuka, kwa sababu kwa mbu kurithisha ndilo lengo. Kwa kawaida jeni yoyote ya mzazi mmoja ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kwenda kwa mtoto. Watafiti wameweza kutengeneza jeni inayobeba krispa yake yenyewe. Ikiwa ndani ya mbu, inakata nakala pacha iliyotoka kwa mzazi mwingine, na seli inaposhona, hunakili jeni hiyo upande wa pili. Matokeo yake karibu watoto wote wanairithi, na watoto wao vilevile, hadi ienee kwa mbu wa eneo zima. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London waliwaweka kwenye vizimba mbu waeneza malaria wenye jeni ya namna hiyo, iliyowafanya majike wawe tasa. Ndani ya vizazi 7 hadi 11 vizimba vilibaki vitupu.

Kazi ya Bagamoyo, ile iliyotajwa kwenye ujumbe wa sauti, ina lengo tofauti. Taasisi ya Afya Ifakara, ikishirikiana na chuo hichohicho cha London, haitaki mbu wafe. Inataka washindwe kubeba malaria. Mbu wanapewa uwezo wa kutoa protini mbili fupi, moja asili yake chura na nyingine nyuki, ambazo humdumaza kijidudu cha malaria tumboni mwa mbu, kiasi kwamba mbu anaweza kufa kwa uzee wake kabla kijidudu hakijakomaa. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2025 ulionyesha kwamba mbu waliotengenezwa hapahapa Tanzania waliwazuia vijidudu waliotoka kwenye damu ya watoto wagonjwa wa hapahapa. Yote yalifanyika ndani ya maabara yenye ulinzi, na ule mkasi wa kueneza ulitenganishwa na jeni yenyewe, ili isiweze kusambaa peke yake hata mbu akitoroka.

Najivunia kazi hii na ningependa iendelee. Wakati huohuo simcheki anayeiogopa. Jeni inayojieneza ikishatoka ni vigumu kuirudisha, na mbu wa Tanga hajui mpaka wa Kenya. Burkina Faso, ambako mbu dume tasa wasio na jeni ya kujieneza waliachiwa mwaka 2019, iliusimamisha mradi huo Agosti 2025. Wanakijiji wanaolala na mbu hao wanapaswa kueleweshwa na kuulizwa kwa Kiswahili chepesi, mapema, kabla ya mtu yeyote kufungua kizimba.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi zaidi. Nyanya iliyohaririwa ipo, na Japani ilianza kuuzwa mwaka 2021. Kuila hakukubadilishi. Mchicha una vinasaba, dagaa wana vinasaba, umekula mabilioni ya herufi zao tangu utotoni na tumbo limezimeng'enya zote. Je, ni GMO? Zao la GMO kwa maana tuliyoizoea limeongezewa jeni ya kiumbe kingine, wakati la krispa mara nyingi limezimiwa jeni yake lenyewe, bila kuachiwa kitu kigeni. Mara nyingi, si kila mara, kwa sababu krispa inaweza pia kutumika kuingiza jeni. Nigeria mwaka 2020 na Kenya mwaka 2022 zilitoa miongozo ya kutenganisha mambo hayo mawili. Kwetu hali ni ya tahadhari zaidi: majaribio ya mahindi ya GMO yaliyokuwa yakifanyika Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa na serikali mwaka 2018.

Zao ninalolifikiria ni muhogo. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa ulioelezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza hapahapa, miaka ya 1930, chini ya milima ya Usambara. Unaweza kukuta majani hayana shida kubwa, lakini ukichimba unakuta mzizi umeoza ndani. Kirusi chake hutegemea protini za mmea wenyewe ili kizaliane. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulizizima jeni mbili za protini hizo, na dalili mizizini zikapungua, ingawa ugonjwa haukuisha. Mwaka huohuo watafiti wengine walijaribu kuuwekea muhogo mkasi wa kumkata moja kwa moja kirusi wa batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Muhogo uliugua vilevile, na baadhi ya virusi vikabadilika vikaukwepa mkasi. Jaribio hilo lilishindwa ndani ya maabara, mahali panapostahili kushindwa.

Na wale mbwa mwitu weupe "waliofufuliwa" Marekani mwaka 2025, ambao picha zao zilisambaa sana? Ni mbwa mwitu wa kijivu wa leo waliobadilishwa sehemu 20 za vinasaba ili wafanane na jamii iliyotoweka. Hawajafufuka.

Nilipomaliza sehemu ya damu, mama alinyamaza kidogo, akauliza mwenyewe, bila mimi kumwelekeza: "Basi hata akipona, watoto wake?"

Nikamwambia ndiyo, angeweza kuwarithisha, kwa sababu mkasi haukufika huko. Mwenye selimundu akizaa na asiye na jeni hiyo, watoto wote wanabeba nakala moja bila kuugua. Akizaa na mbebaji, kila ujauzito una nafasi nusu ya kumpata mgonjwa. Na wazazi wawili wazima ambao kila mmoja ni mbebaji, kama walivyokuwa wazazi wa mjukuu wake, wana nafasi robo kila mimba.

"Hawakujua," akasema.

Binti yake wa mwisho ameshachumbiwa. Alimwita pale pale barazani, akamwuliza kama yeye na mchumba wake wameshapima.